Ndugu ya Mateke

Mama mkwe wangu alikuja kuishi kwetu Lubumbashi wakati wa baridi, miezi ile ambayo vumbi jekundu hukaa juu ya kila kitu na watu huenda kazini asubuhi wamevaa makoti. Vita vilikuwa vimemtoa kwake, Kivu ya Kaskazini. Alizunguka kwa mabasi kupitia nchi za jirani mpaka akatokea mpakani Kasumbalesa, na hapo mume wangu akampokea. Mume wangu ni mfanyabiashara wa jumla. Malori yake huleta unga wa mahindi na vitunguu kutoka upande wa Zambia, na wiki nyingi hulala huko huko mpakani. Alimleta mama yake nyumbani, akakaa naye siku chache, kisha akarudi kwenye malori yake. Tukabaki wawili, mimi na Mama.

Ni mimi niliyesema aje kwetu. Dada ya mume wangu, mjane, anaishi nyuma ya Kasapa, karibu na kampasi ya chuo kikuu, katika nyumba ya vyumba viwili yenye lupango mkubwa, uwanja wa udongo mtupu mpaka kwenye ua wa jirani. Alikuwa amekwisha kutandika kitanda. Mimi nikamwambia, kama anavyoitwa dada mkubwa, “Yaya, kwako nafasi iko kidogo. Mama akuye kwetu Golf, kule vyumba biko.” Nilisema hivyo nje ya kanisa, watu wakisikia, na watu wakanisifu. Wifi yangu aliniangalia tu, akasema, “Sawa, kama mumependa.”

Kwetu, mtaa wa Golf, nafasi ipo kweli. Lakini udongo haupo. Uwanja wetu wote tumeutandika matofali ya saruji, toka geti mpaka ukuta wa nyuma, kwa sababu mvua ya Lubumbashi ikianza hugeuza kila mahali kuwa tope. Chochote kinachoota kwetu huota ndani ya vyungu. Na ndani ya vyungu mimi huotesha majani ya rangi.

Nafanya kazi katika ofisi katikati ya mji, mbele ya kompyuta, na nikirudi nyumbani kitu cha kwanza ninachokitazama ni baraza yangu. Kuna krotoni, ambazo jani moja huwa na manjano, wekundu na weusi kwa pamoja. Kuna koleusi za zambarau ambazo ukikata tawi na kulitia katika glasi ya maji hutoa mizizi bila kubembelezwa. Zaidi ya zote kuna kaladiumu. Majani yake ni mapana, mepesi kama karatasi. Mengine meupe yenye mishipa ya kijani, mengine yana waridi katikati kana kwamba mtu amemwaga wino yakiwa bado mabichi. Wageni huingia getini na kusimama hapo hapo. Wamekwisha kuyapiga picha mara nyingi.

Kaladiumu haipendi baridi yetu. Mvua zikikatika inaanza kulala, majani yanakauka moja moja, mwisho chungu kinabaki na udongo tu. Ndipo mimi hufukua vile viazi vyake vidogo, nikavikausha, nikavifukia katika unga wa mbao ndani ya boksi, nikaliweka boksi juu ya kabati la jikoni ambako kuna joto. Karibu na mvua za kwanza navipanda tena, katika udongo wa kichuguu uliochanganywa na majani yaliyooza na mchanga. Naeleza hayo kwa urefu ili ionekane kwamba niliyajua majani yale. Siwezi kusema nilikuwa mgeni kwayo.

Mama alikuwa mtu wa mashamba. Aliamka kabla ya mtu yeyote, akafagia matofali ambayo hayakuwa na kitu cha kufagiwa, kisha akaketi barazani kwenye kigoda, mikono mapajani. Mikono iliyozoea jembe ikikaa bure huonekana mikubwa. Nilimwona kila asubuhi nikitoka kwenda kazini. Nilimwacha na televisheni, chai na mkate, nikajiambia anapumzika, amepata shida nyingi, apumzike.

Siku moja aliniomba vyungu viwili.

“Nipandeko tu maharagi kidogo, mutoto wangu. Kwa ajili ya majani yake, tupike bishogoro.”

“Tutaona, Mama. Kwanza baridi ipite.”

Baridi haikuwa sababu. Vyungu vyangu vilikuwa vimelingana, vya saruji nyeupe, nilivyoviagiza kwa fundi mmoja, na sikutaka maharagwe yatambae kati yake mbele ya wageni. Alipouliza tena nilimpa karai lililopasuka, na nikamwonyesha mahali pa kuliweka: nyuma, kati ya jenereta na ukuta, ambapo jua halifiki. Alipanda. Maharagwe yaliota marefu, membamba, meupe, yakatafuta mwanga juu ya ukuta, kisha yakaanguka yote.

“Imejaribu,” aliniambia. “Aksanti, mutoto wangu.”

Niliona kabisa kwamba mahali pale ni pabaya. Niliona hata kabla hajapanda.

Siku ya kupanda kaladiumu ilikuwa Jumamosi, joto la mwisho kabla ya mvua. Nilitandaza gazeti barazani na kumwaga viazi kutoka katika boksi. Mama aliinuka kwenye kigoda chake, akaja kuchuchumaa karibu nami, na uso wake wote ukafunguka.

“Mateke!” alisema.

Mateke ndiyo jina lao la magimbi. Akachukua kiazi kimoja, akakigeuza, akakifuta unga wa mbao kwa kidole gumba, akakinusa.

“Kwetu tulikuwa tunapanda ku mutoni. Tunakula ile ya chini, na majani pia tunakula. Unatia mawese, unaacha inaiva polepole, polepole. Mume yangu hakukuwa anataka nyama siku ya majani ya mateke.”

“Hapana, Mama,” nikacheka. “Hii haiko mateke. Iko ndugu yake.”

“Ndugu ya mateke.”

“Ndiyo. Ndugu yake ya mu mujini.”

Akacheka naye. Lile neno nililipenda. Nilikuwa nimewahi kulitumia kwa wageni, likawachekesha. Tulipanda pamoja asubuhi nzima. Alinisimulia juu ya mto wao, na jinsi walivyokuwa wakivuna wanawake wengi pamoja, maji yakiwafika magotini. Ilikuwa siku yetu nzuri kuliko zote tangu aje.

Mikononi mimi nilikuwa nimevaa mifuko ya plastiki. Mtu aliyeniuzia kaladiumu za kwanza, kwenye bustani ya kando ya barabara ya Kasapa, alinionya maji ya mmea ule ni makali, nisijipanguse machoni. Sikumsikiliza mpaka siku nilipojipangusa, na jicho likaniwaka mchana mzima. Tangu hapo navaa mifuko. Mama aliiangalia, akauliza, “Mbona unafunga mikono?”

“Sipendi kuchafua kucha, Mama.”

Nilikuwa nimezipaka rangi. Ilikuwa ni kweli pia kwamba sikutaka zichafuke. Sijui kwa nini nilichagua jibu lile. Kusema “ina sumu” kungeleta maswali: kwa nini basi uko nayo nyumbani, ina faida gani. Jibu la kucha halikuhitaji kuendelezwa. Tukaendelea kupanda, mimi na mifuko yangu, yeye na mikono yake mitupu. Jioni ile alijikuna vidole, nikampa mafuta ya kujipaka, nikasema labda ni vumbi la mbao.

Mvua zilikuja na kaladiumu zikafunguka. Mama alikuwa akipita kila asubuhi na kuinua jani moja kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Nilimwambia asiguse.

“Inavunjika mbio, Mama. Tuangalie tu na macho.”

“Na macho,” alisema, akarudisha mkono.

Nilimkataza mara nyingi, na kila mara sababu ilikuwa uzuri wa majani.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, katikati ya mvua. Asubuhi nilikuwa nimeamka na uchovu, umeme ulikuwa umekatika, na nikiwa natafuta viatu nikasema kwa sauti, nadhani nikisema na nyumba, “Leo sijue tutakula nini. Kuku, samaki, kuku, samaki. Nimechoka.” Mama alikuwa kwenye meza na chai yake. Nikaondoka.

Kazini tuliachiwa mapema. Ningeweza kurudi moja kwa moja. Badala yake niliendesha mpaka kwenye bustani ile ya barabara ya Kasapa, kwa sababu nilikuwa nimesikia wameleta krotoni ya majani yaliyojipinda kama kizibuo. Zilikuwapo kweli. Mvua ikanikuta nikichagua, tukajikinga chini ya turubai, mimi na wauzaji, na nilikuwa na furaha, siwezi kudanganya. Nilikuwa na furaha kubwa. Simu ililia mkobani. Nikaitoa, nikaona ni Mama, nikafikiri anataka kuuliza ufunguo wa ghala au kama maji yatarudi leo, nikairudisha mkobani. Nitampigia nikitoka hapa, nikajiambia. Ililia tena, fupi, ikanyamaza. Nilikuwa nimeinama kuangalia mizizi.

Nilifika nyumbani giza halijaingia. Nilifungua geti mwenyewe, nikaingiza gari, na kabla sijazima injini nikaona vyungu vya kaladiumu. Vijiti vilikuwa vimesimama vitupu, vimekatwa kwa kisu, safi, vyote vya mstari wa mbele, na vingine vilikuwa bado vinatokwa na maji kwenye kidonda.

Nilishuka na kupiga kelele.

“Mama! Umefanyia nini maua yangu?”

Hilo ndilo neno langu la kwanza. Nimejaribu kulikumbuka vingine, labda niliuliza “Kuna nini?”, labda niliita tu. Hapana. Niliulizia maua.

Nilizunguka nyumba nikiwa bado na hasira. Chini ya paa la nyuma mbabula, jiko letu la nje, ilikuwa inawaka, makaa mekundu, sufuria juu yake, harufu ya mawese na karanga. Mama alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Kitenge kilikuwa kimelowa mate. Alipokiondoa niliona ulimi haumtoshi tena mdomoni. Midomo ilikuwa imevimba. Alipovuta pumzi ilitoka sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu. Simu ilikuwa pajani pake.

Alinyoosha kidole kwenye sufuria, kisha akaninyooshea mimi. Nilidhani ananilaumu.

Nilimwinua. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotazamia. Nilimlaza kiti cha nyuma, krotoni yangu mpya ikiwa bado imesimama kwenye kiti cha mbele, na katika kila shimo la barabara majani yake yalinipangusa bega. Kliniki haiko mbali na kwetu. Walimchukua mara moja, wakamsafisha kinywa, wakamchoma sindano, wakamtia hewa. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alitoka kuniuliza.

“Alikula nini?”

“Majani ya maua. Kaladiumu. Alipika.”

“Mingi?”

“Sijue. Nafikiri alionja.”

“Ni bahati alionja tu. Alikuwa anajua kama hii majani iko mubaya?”

“Hapana.”

“Na weye, mama?”

Sikutegemea swali hilo. Kulikuwa na watu wengine kwenye benchi, mwanamke mwenye mtoto, mzee na fimbo, wote wakiniangalia.

“Nilijua,” nikasema.

Daktari alitikisa kichwa kidogo, akasema tungoje, koo likiacha kuvimba hatari imepita, akarudi ndani. Ningependa angenigombeza. Nilikaa kwenye benchi na mikono yangu, nikaanza kutafuta kosa la mtu mwingine: wifi yangu ambaye hakuja kumtembelea wiki ile, mume wangu na malori yake, Mama mwenyewe, mtu mzima, kwa nini asiulize? Kisha nikakumbuka kwamba aliuliza. Aliuliza kwa nini nafunga mikono.

Uvimbe ulipungua. Asubuhi alikuwa anapumua vizuri lakini hawezi kusema, na mume wangu akafika kutoka mpakani na vumbi la njia nguoni. Alimwangalia mama yake, akamgusa miguu, kisha akanikumbatia mbele ya manesi.

“Aksanti,” alisema. “Kama haukumukimbiza, tungekuwa na matanga leo.”

Wifi yangu alikuja na uji ndani ya chupa ya moto, akanishika mikono yote miwili. Simu zilianza kulia, ndugu waliotawanyika huko na huko, wengine katika kambi, wakitaka kunisikia. Kila mmoja alinishukuru. Mchungaji alinishukuru. Nami nikajibu, si kitu, si kitu, ni mama yetu. Nilikuwa ninamlisha mtindi wa baridi kwa kijiko kidogo, na kila aliyeingia alinikuta namlisha.

Mchana Mama alipata sauti kidogo. Watoto wake wakainama kumsikiliza.

“Ni uroho yangu tu,” alinong'ona. “Muzee na uroho. Mama huyu alinikatazaka nisiguse. Alinikataza sana.”

Wote wakanigeukia, nami nikachota kijiko kingine cha mtindi. Kila alichosema kilikuwa kweli. Nilimkataza sana.

Nilimwambia mume wangu ndani ya gari, tulipokuwa tukienda nyumbani kuchukua nguo za Mama. Nilianza na barabara ya Kasapa na simu niliyoiacha ilie, kwa sababu hilo lilikuwa rahisi kidogo. Kisha nikasema juu ya mifuko ya plastiki. Aliendesha bila kuongeza wala kupunguza mwendo.

“Ulikuwa unajua kama inachoma.”

“Nilijua. Nilimwambia asiguse.”

“Ulimwambia kwa nini?”

“Nilimwambia inavunjika.”

Tulipofika getini akasema, bila hasira, na ingekuwa afadhali kwa hasira, “Mama amekula majani maisha yake yote. Majani ndiyo ilitulisha shiye bote. Ulifikiri ataangalia tu?”

Sufuria ilikuwa bado nyuma, juu ya makaa yaliyokufa. Mume wangu aliichukua ili akaimwage. Akasimama katikati ya uwanja, akageuka huku, akageuka kule. Hakukuwa na mahali pa kuchimba. Mwisho alimimina vile vitu ndani ya mfuko wa unga, akafunga mara mbili, akautia kwenye gari ili autupe mbali. Mimi nilikuwa mlangoni na nguo za Mama mkononi. Nilijua ilinipasa kwenda kumsaidia kushika mfuko, na sikwenda.

Mama aliporudi nyumbani nilisubiri tubaki wawili. Nilipiga magoti mbele ya kigoda chake, jambo ambalo sisi wa Lubumbashi hatulifanyi sana, nikamweleza yote: muuzaji, jicho langu, kucha. Alisikiliza akiangalia mikono yangu.

“Nilijua haiko mateke ya kwetu,” alisema mwishoni. Sauti ilikuwa inakwaruza. “Jani yake iko nyepesi sana. Lakini nilisema, pengine ya huku iko vile. Uliniambia ni ndugu yake. Na ulikuwa umesema umechoka na kuku.”

Ndipo nilipoelewa kile kidole: sufuria, kisha mimi. Alikuwa akinionyesha chakula changu.

“Nilitaka ukuje ukute kitu yenye nimetoa mu mikono yangu. Tangu nimefika hapa nakula tu byako.”

Yeye akaendelea, kwa upole ule ule:

“Siku ile ulilia juu ya maua. Nilikusikia. Nilikuwa nataka kukujibu, mudomo ikakataa.”

“Mama, unisamehe.”

“Nimesamehe. Ulikuwa umetoka ku kazi, umechoka.”

Sikuwa nimetoka kazini. Nilikuwa nimetoka kuchagua krotoni chini ya turubai. Nilikuwa nimemweleza yote isipokuwa hilo, na nilipoona amenipa udhuru wake mwenyewe, ukiwa umeiva, niliupokea. Mume wangu alijua. Mama mpaka leo hajui, au anajua na hasemi.

Kesho yake nilitoka na mfuko mkubwa kwenda kung'oa kaladiumu zote zilizobaki. Nilikuwa nimeng'oa mbili au tatu aliponiona.

“Unafanya nini?”

“Natupa, Mama. Siwezi tena kuziona.”

“Zimekosa nini?” Akauchukua mfuko mkononi mwangu. “Acha. Usiue kitu juu yangu. Nimeona bya kutosha byenye kuuawa.”

Nikazirudishia udongo. Zilikauka kidogo, kisha zikapata nguvu na kutoa majani mapya, mazuri kuliko ya mwanzo. Nilizihamishia juu ya ukuta mdogo, mbali, na sasa kila mgeni anayesimama kuzisifu namwambia kwanza zinachoma. Wengine huona nimekuwa mkali.

Baada ya Mwaka Mpya, Mama aliomba kwenda kwa binti yake nyuma ya Kasapa. Hakulalamika hata kidogo. Alisema anataka kuwa karibu na wajukuu na kwamba huko kanisa linafikika kwa miguu. Mume wangu aliniangalia, akitaka nimwombe abaki. Nilimwomba, maneno mazuri, yaliyopangwa vizuri, na nilikuwa naogopa asije akakubali. Alipokataa, nilimfungia nguo zake mwenyewe. Nilimpeleka, nikamsaidia kupanga kitanda, nikakaa kunywa chai kama inavyopasa. Nilipotoka, nikakata kona ya kwanza, nikahisi mabega yangu yote mawili yameshuka. Nilisimamisha gari pembeni kwa sababu ya aibu ya ule wepesi. Wanafunzi wa kampasi walikuwa wanapita wakicheka na madaftari kichwani, kwa sababu mvua ilikuwa inaanza tena.

Naenda kumwona kila Jumapili. Lupango ule wa wifi yangu hautambuliki. Kuna lenga-lenga, mchicha wa kwetu, kuna maharagwe, kuna matembele yanayotambaa mpaka mlangoni, na chini kabisa, mahali ambapo maji ya mvua hukusanyika, kuna mateke ya kweli, aliyoyapata kwa wanawake wa kwao sokoni. Ananipa majani nirudi nayo, amenifungia, na kunieleza upya namna ya kuyapika, kana kwamba hajanieleza wiki iliyopita. Nayapika. Mimi hula kidogo kwanza, nangoja, kisha naendelea. Sijawahi kumwambia kwamba nangoja.

Sauti yake haikurudi yote. Kanisani haimbi tena, anapiga makofi tu. Daktari alisema inaweza kuwa ni koo, inaweza kuwa ni uzee, kwa mtu wa umri ule huwezi kutenganisha. Mama anasema ni uzee. Wifi yangu alinionyesha siku moja picha ya video katika simu yake, ya zamani, Mama akiongoza wimbo katika kanisa lao la Kivu, sauti nzito, imara, wanawake wengine wakimfuata. Sikuwahi kujua kwamba alikuwa mwimbishaji. Miezi yote aliyokaa kwangu sikumuuliza.

Jumapili iliyopita aliniomba krotoni.

“Moja tu. Nitie ku mulango, watu baone rangi.”

Nilimletea iliyo nzuri kuliko zote, katika chungu changu kimojawapo cha saruji nyeupe. Kabla sijakiweka chini nikamwambia, “Mama, na hii maji yake iko mubaya. Ukikata jani, unawe mikono. Usiguse macho. Haiko ya kula.”

Alicheka mpaka akakohoa.

“Mutoto wangu! Miye, nimeisha kufundishwa.”

Wifi yangu naye alicheka, na wajukuu wakacheka kwa kuwa bibi amecheka. Mimi nilitabasamu kwa kadiri nilivyoweza. Tulikiweka chungu upande wa mlango, mbali na mboga. Kisha Mama akafunga kitenge chake vizuri, akachukua jembe lililokuwa limeegemea ukuta, akaniambia nivue viatu vya kanisani nimfuate, kwa kuwa upande wa chini magugu yamezidi na mawingu yalikuwa yanakuja.